Kutazama Mwandiko Nisioweza Kuusoma: Xi'an

Ukitoka Mnara wa Kengele kuelekea ukuta wa kusini wa mji mkongwe wa Xi'an, China, unafika Shuyuanmen, mtaa wa wauza brashi, wino na karatasi. Brashi zimetundikwa ncha chini, kuanzia za kuandikia herufi ndogo hadi zinazoshikwa kwa mikono miwili. Sikununua kitu. Haja yangu ilikuwa jumba la makumbusho la Beilin, lililo hapo karibu.

Beilin ilianzishwa mwaka 1087, enzi za ukoo wa Song, kuhifadhi mabamba ya mawe yaliyochongwa vitabu vya mafundisho ya Konfusio, mwanafalsafa wa kale wa China. Ni mabamba 114 ya mwaka 837, yameandikwa mbele na nyuma, herufi zaidi ya 650,000. Zama hizo vitabu vilinakiliwa kwa mkono, na mkono hukosea. Msomi mwenye shaka alikwenda kulinganisha nakala yake na jiwe. Ni kazi ya kuheshimiwa, ila mwandiko wake umenyooka mno kwa ladha yangu. Niliyapita haraka.

Nilisimama kwenye mawe ya Yan Zhenqing, bingwa wa mwandiko. Alikuwa mtumishi wa dola ya Tang katika karne ya 8, na aliuawa na waasi aliotumwa kwenda kuzungumza nao. Kuna jiwe aliloliandika mwaka 752, akiwa bado hajazeeka, herufi zimebanana na kupangika vizuri. Kuna na lile la uzeeni, la kumkumbuka babu yake mkuu Yan Qinli: mistari minene, mabega mapana, nafasi ya kupumua kila upande. Kichina sijui hata neno, lakini tofauti ya mawe hayo mawili haihitaji mkalimani.

Pembeni yangu bwana mmoja mzee alikuwa akiandika hewani kwa kidole, akifuata herufi moja mstari kwa mstari. Nikamwiga. Hapo nikaanza kuona brashi ilipotua, ilipokandamizwa, ilipogeuka, ilipoinuliwa. Karatasi yao hunywa wino papo hapo, hivyo mstari ukishapigwa haufutiki wala hauongezwi. Unachokitazama ni mwendo wa mkono.

Katika chumba kingine ilisikika ta-ta-ta. Fundi alikuwa amebandika karatasi yenye unyevu juu ya jiwe, akaigonga kwa brashi hadi ikazama kwenye michongo, kisha akaipiga kwa kifurushi cha kitambaa chenye wino. Karatasi ikawa nyeusi, herufi zikabaki nyeupe. Kwa njia hiyo watu wa miji ya mbali walijifunza mwandiko wa mabingwa karne nyingi kabla ya picha za kamera.

Kuna jiwe jingine lenye mchoro wa mianzi, na ukiukaribia unaambiwa majani yale ni herufi za shairi. Wengi hulipiga picha. Mimi naona ni ujanja zaidi kuliko sanaa, ingawa linaonyesha kwamba mchoraji na mwandishi walishika brashi ile ile.

Jioni nilikwenda Msikiti Mkuu, nyuma ya Mnara wa Ngoma. Ndani ya ukumbi wa swala mbao zimechongwa aya za Kurani. Kiarabu nakisoma tangu chuoni, lakini Waislamu wa China wana mtindo wao: mistari hunenepa katikati, kisha huchongoka mwishoni. Ilinibidi nisome polepole, kama mtoto wa juzuu ya kwanza. Laiti wachongaji milango wa Unguja wangeziona mbao zile.