Videvu vya watoto wa mbwa: jaribio la saba limekubali

Limekubali. Jana saa tano usiku nimefungua kalibu (ganda la kumiminia sanamu), na watoto wote wawili wa mbwa wametoka na videvu vyao. Nikahesabu kama mtu anayehesabu pesa za mchezo: masikio manne, pua mbili, videvu viwili. Nikamwamsha mama watoto aje ashuhudie. Akavitazama, akaniuliza meza ya jikoni nitairudisha lini, akarudi kulala.

Kwa waliochelewa kuingia: namfinyanga Tom Crean, baharia wa Ireland aliyekwenda Antaktika, kimo sentimita 28, nikifuata sanamu ya shaba nyeusi ya Eamon O'Doherty iliyozinduliwa mwaka 2003 kijijini Annascaul, katika kaunti ya Kerry. Pale amesimama mkabala na baa aliyoifungua mwenyewe na kuiita South Pole Inn. Ameegemea sanduku, mkono mmoja umeshika fimbo mbili za safari, mwingine umepakata watoto wawili wa mbwa. Mara ya kwanza kumwona nilikuwa na miezi michache tu hapa Ireland, mfanyakazi mwenzangu ananizungusha rasi ya Dingle kwa gari lake. Nikadhani ni daktari wa mifugo. Mwenzangu alicheka mpaka akakosa njia ya kutokea kijijini, na kile kijiji kina barabara moja.

Fimbo zilinisumbua kidogo, nitazitaja haraka. Jaribio la kwanza nilimimina kila kitu kwa pamoja, na fimbo zikakatika nilipovuta kalibu. Zina unene wa kijiti cha meno, nilitegemea nini? Suluhisho likawa spoku mbili za baiskeli kuukuu, zimekatwa kwa koleo na kupenyezwa kwenye ngumi baada ya sanamu kukauka. Ukitaka kitu chembamba na kilichonyooka, usikimimine. Kitafute kikiwa tayari ni chuma.

Videvu sasa.

Sanamu yangu inamiminwa kwa rezini (plastiki ya majimaji inayoganda), kichwa chini kupitia nyayo, kama nyote mnavyofanya. Maana yake, kila sehemu inayotazama ardhini mtu akiwa wima inakuwa dari ndani ya kalibu, na hewa inakwenda kujificha darini. Chini ya kofia nilipaona mapema nikapatengenezea njia. Chini ya mikono vilevile. Ila watoto wa mbwa wamelala kwenye kiwiko cha Crean wakiwa wameinua nyuso, na videvu vyao ni vidari viwili vidogo vyenye ukubwa wa punje ya mchele. Jaribio la pili wakatoka hawana taya ya chini. Walionekana kama wazee waliovua meno ya bandia.

La tatu nikatoboa matundu ya kutolea hewa, milimita mbili, kutoka kila kidevu hadi nje. Kidevu kimoja kikatoka, lakini kina vishimo vingi kama mkate wa kumimina. La nne nikawakata watoto kutoka kwenye udongo, nikawatengenezea kalibu yao ya vipande viwili ili niwabandike baadaye. Mkate wa kumimina tena, na safari hii hadi mgongoni. La tano nikaazima pampu ya kunyonya hewa, kwa kuwa kila mtu mwenye pampu huwa anakwambia bila pampu wewe hufanyi kazi. Rezini ikafura, ikapanda, ikamwagika ndani ya chungu cha pampu, na nikatumia Jumamosi nzima kukikwangua kabla ya kukirudisha kwa mwenyewe. La sita nikapasha kalibu joto kwa mashine ya kukaushia nywele. Hakuna kilichobadilika ila bili ya umeme.

Kwa nini sikuwaacha tu, nikaweka begi mkononi badala ya mbwa? Kuna watu wamenishauri hivyo. Jibu langu ni refu kidogo.

Crean alizaliwa mwaka 1877, mtoto wa mkulima, akaingia jeshi la majini la Uingereza akiwa bado kijana mdogo. Alikwenda Antaktika mara tatu: na meli ya Discovery, na Terra Nova, kisha na Endurance. Mwaka 1912, wakirudi kutoka safari ya kumsindikiza Scott, kiongozi wa msafara, kuelekea ncha ya kusini, Luteni Evans akaugua kiseyeye hadi akashindwa kusimama. Lashly, mwenzao wa tatu, akabaki naye kwenye hema. Crean akatembea peke yake kilomita 56 hivi kwenda kutafuta msaada, bila hema, mfukoni ana biskuti tatu na vipande viwili vya chokoleti. Saa 18. Evans akapona. Mwaka 1916 alikuwa ndani ya mashua ya James Caird na Shackleton, kiongozi wa safari ya Endurance, maili 800 za bahari hadi South Georgia, kisha yeye na wenzake wawili wakavuka milima ya kisiwa kile kwa saa 36 bila ramani.

Halafu akarudi kwao, akafungua baa, akanyamaza. Mwaka 1920 Ireland ilikuwa vitani na Uingereza. Kaka yake Cornelius, sajenti wa polisi, aliuawa mwaka huohuo huku kaunti ya Cork. Mtu mwenye nishani za Mwingereza kifuani hakuwa na sababu ya kuzitoa kwenye droo. Alifariki mwaka 1938, kidole tumbo kilipasuka, mjini Tralee hakukuwa na daktari wa upasuaji, wakamkimbiza Cork, muda ukawa umepita. Amezikwa kwenye kaburi alilolijenga kwa mikono yake. Sanamu imekuja miaka 65 baadaye.

Na wale mbwa si pambo. Frank Hurley, mpiga picha wa safari ya Endurance, alimpiga picha mwaka 1915 akiwa amepakata wanne, kawabana kifuani kama mama aliyejifungua mapacha mara mbili. (O'Doherty kabakiza wawili, Mungu ambariki, vinginevyo ningekuwa na videvu vinne.) Aliwalea mwenyewe kwenye meli iliyokwama barafuni. Oktoba mwaka ule barafu ilipoiponda Endurance na watu wakahamia kwenye mahema, ikaamriwa watoto wadogo wa mbwa wapigwe risasi, pamoja na paka wa fundi seremala, kwa sababu chakula kisingetosha. Shackleton aliandika kwamba Crean ni mmoja wa walioumia zaidi. Sasa niambie nimwekee begi.

Turudi jikoni. Aliyetatua tatizo ni binti yangu wa miaka tisa. Baada ya jaribio la sita alikuwa anasaidia kusafisha meza, akashika kikombe nilichochanganyia rezini, akasema: "Baba, kikombe kimeumuka."

Kweli kimeumuka. Mabaki ya rezini yamepanda juu ya ukingo kama unga wa maandazi uliosahaulika usiku kucha. Kwenye kikombe hakuna kidevu. Hakuna dari, hakuna pembe, hakuna pa hewa kujificha. Nikaenda bandani kwenye ndoo ya taka nikachimbua vikombe vya nyuma: vinne kati ya vitano vimeumuka. Miezi miwili nahangaika na kalibu, na jibu lilikuwa kwenye takataka zangu.

Rezini yangu ni ya poliyurethani, na hii kitu haipatani na maji hata kidogo. Sehemu yake moja ikikutana na unyevu inatoa kaboni dayoksaidi, kwa hiyo mapovu hayaingii kutoka nje, yanazaliwa humohumo ndani. Ndiyo maana pampu ilizidisha balaa: niliyapa mapovu nafasi ya kukua. Na banda langu la Cork, kuanzia Oktoba hadi Machi, ni bwawa lenye paa. Chupa ilikuwa inafunguliwa na kufungwa humo tangu msimu uliopita.

Sikutaka kukisia tena, nikapima. Vikombe vitatu: chupa ya zamani bandani, chupa ya zamani jikoni, chupa mpya jikoni. Viwili vya kwanza vikaumuka. Cha tatu kikatulia, uso umenyooka kama maji ya kisimani. Basi kosa ni chupa. Unga wa shaba nao nikaulaza usiku mzima juu ya hita, maana na wenyewe ulikuwa unashikana mabonge.

Jaribio la saba: chupa mpya, jikoni, dirisha wazi kwa ajili ya harufu, mlango wa banda umefungwa. Watoto kwenye kalibu yao ya vipande viwili, tundu moja la hewa kooni kwa kila mmoja. Kabla ya kumimina nikapaka unga mkavu wa shaba ndani ya kalibu kwa brashi ya poda, hasa kwenye videvu. Unga huo unafanya kazi mbili: unaipa sura rangi ya shaba, na unaivuta rezini iingie kwenye kona badala ya kuipita juu. Brashi hiyo ilikuwa ya mama watoto. Sasa ni yangu, na nadaiwa mpya. Brashi za duka la vifaa vya sanaa nimezijaribu, zinaacha nywele. Ya vipodozi haiachi hata moja.

Mpango ulikuwa wiki hii niwabandike mkononi, nimalizie sanduku, nitengeneze kitako cha mti. Sijagusa chochote.

Jumapili nilipanda treni hadi Midleton, nikatembea kwenda Ballinacurra kuona mnara wa Edward Bransfield, uliozinduliwa Januari 2020. Huyu ni wa hapahapa, karne moja kabla ya Crean. Alikamatwa kwa nguvu mwaka 1803 akiwa kijana wa miaka 18 hivi na kuingizwa jeshi la majini. Tarehe 30 Januari 1820, akiongoza meli ya Williams, aliiona rasi ya Antaktika na kuichora kwenye ramani. Alifariki Brighton mwaka 1852, na kijiji chake kilikaa miaka 200 tangu siku aliyoiona rasi ile kabla ya kumwekea jiwe.

Na hana sura. Hakuna mchoro wake, hakuna picha. Posta ya Uingereza ilipomtolea stempu mwaka 2000 ilibidi waweke picha ya meli iliyopewa jina lake. Nilirudi na treni nikiwaza jambo moja tu: mtu asiye na uso unamfinyangaje? Kumpa wa kubuni sitaki, ni uongo wa kudumu. Kumgeuza mgongo haitoshi, atakayezunguka upande wa pili ataona nini?

Siku ile ya Januari 1820, nchi ilionekana ukungu ulipopungua.

Ile chupa iliyoharibika bado sijaitupa. Leo asubuhi nimemimina kidogo kwenye kikombe, nikaongeza tone moja la maji kwa makusudi, nikasogea nyuma. Imepanda nyeupe, laini, imejaa vishimo, ikafunika kipande cha udongo nilichokichomeka katikati mpaka kikabaki kivuli tu. Koti la Bransfield liko mezani, sentimita 15, kola imesimama. Juu ya kola kuna spoku ya tatu inayosubiri ukungu wake, na mama watoto ameshauliza tena habari ya meza.