Leseni ya Sauzi ni stakabadhi, hela bado

Mjomba wangu wa Tandahimba ndo aliielewa hii habari ya leseni ya urubani ya nje mapema kuliko hata mi niliyekua naenda kuisomea Sauzi. Kwetu huku si mnajua, baba anaweza akakaa kimya ila mjomba akisema hapana ndo hapana, na yeye ndo katoa hela ndefu ya korosho, kwaiyo kabla sijaondoka akaniweka kitako akauliza, "Haya mpwa wangu, hiyo leseni utakayokuja nayo, ukishuka tu hapa unarusha ndege?" Nikamwambia hapana mjomba, ndege za kwetu zile zenye usajili wa 5H zinataka leseni ya TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Tanzania, au waikubali ya kwako, ya Sauzi lazima niibadilishe kwanza. Akacheka sana. "Kumbe stakabadhi!" Akakata fungu kwenye zile hela akalirudisha benki, akasema hili hulioni mpaka urudi.

Kwa msiolima, ukipeleka korosho zako ghala la AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, unapewa stakabadhi, mzigo unatambulika kabisa kua ni wako, ila dukani kwa Mangi hupati hata kilo ya sukari kwa ile karatasi mpaka mnada upite na makato yakatwe. Ndo leseni ya nje ilivyo. Madogo wengi wa Mtwara na Lindi wanaoniuliza wanapiga hesabu ya ada na masaa ya kuruka basi, makato hawayaweki.

Masaa yenyewe hayana siri. Kipimo cha ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, cha CPL, yaani leseni ya rubani wa biashara, ni masaa 200, au 150 kama umesoma kozi ya mfululizo iliyoidhinishwa, na kwenye hizo 200 ziwepo 100 ukiwa wewe ndo kamanda wa ndege, alafu kuna safari moja ndefu ya kilomita 540 kwenda juu ambayo unatua viwanja viwili tofauti. Marekani kwa njia ya kawaida wanataka 250. Kwa sababu nchi zinafata kipimo hichohicho ndo maana leseni inabadilishika, hauanzi upya. Jamaa yangu alieenda Florida yeye alichunguzwa na watu wa usalama wa usafiri wa kule kabla hajagusa ndege, na visa yake ya M-1 haikumruhusu kufanya kazi wakati anasoma, kwaiyo msidanganyane eti utaosha vyombo ujilipie ada. Sauzi nayo visa ya mwanafunzi ina mambo yake, kama cheti cha polisi.

Kitu kimoja nakipenda cha Sauzi. Uwanja wa ndege wa Wonderboom pale Pretoria ni zaidi ya futi 4,000 kutoka usawa wa bahari, uwanja wetu wa Mtwara hata 400 haufiki. Kule hewa nyepesi, mchana wa joto ndege ndogo ya Cessna 172 ina watu na mafuta inakimbia kwenye barabara ya kurukia mpaka unaanza kusali, alafu ikinyanyuka inapanda kivivu, kwaiyo unalazimika kupiga hesabu ya uzito na joto kila siku, sio kwa ajili ya mtihani. Ukirudi ukaenda Arusha au Iringa ambako nako ni futi 4,000 na ushee haikushtui.

Sasa makato. La kwanza ni barua ya uthibitisho, mamlaka ya kule inawaandikia mamlaka ya huku kua huyu leseni yake ni halali, na haiji kwenye begi lako, inatoka ofisi kwenda ofisi na wewe unasubiri. Aliesoma Marekani yake inatokea Oklahoma City. Logibuku, lile daftari la masaa yako ya kuruka, nayo igongwe mihuri na kusainiwa kabla hujapanda ndege ya kurudi, nasisitiza, kuna jamaa shule aliyosomea ilifungwa yeye yuko bongo na kurasa zake hazina saini, mpaka leo anatafuta mwalimu wake kwenye simu. Alafu medikali, yaani cheti cha afya, ya daraja la kwanza kwa daktari anaetambuliwa na TCAA, alafu mtihani wa sheria za anga za hapa, alafu unaruka na mkaguzi.

Hapo kwenye kuruka ndo fungu la mjomba lilipoenda. Wakati unasubiri makaratasi mikono inapoa, na hata kubeba abiria sheria inataka ndani ya siku 90 uwe umeruka na kutua angalau mara tatu, kwaiyo unakodi ndege kwa saa ujikumbushe kabla ya mkaguzi, na Mtwara ndege ya kukodi hivyo hakuna, nikawa nimekaa Dar kwa dada najibana kwenye kochi. Kuna wanaopewa kibali cha muda cha kutumia leseni ya nje, ila hakiwezi kuishi kuliko leseni yenyewe, ya kule ikiisha na chenyewe kimeisha.

Kijiji kizima saivi kinajua mi rubani, wanataka niwarushie mikono nikipita juu. Mi naomba kazi ya kurusha Caravan tu, ile ndege ndogo ya injini moja, wengi ndo wanaanzia huko, viwanja vya vumbi na mizigo ya watalii.

Na lile swali la miwani, maana limeulizwa sana: hapana, hainyimi mtu medikali, mradi ukiivaa macho yafikie kipimo na rangi uzitofautishe. Ila nenda kapime kabla mjomba hajauza hata gunia moja, na ukiruka beba miwani ya pili, ni sheria.