Nani alishika kalamu

Mdogo wangu kaniomba vitabu vya maisha ya watu halisi, kachoka na historia ya shule iliyojaa mikataba na magavana. Nimemchagulia vitatu, na wiki hii navirudia mwenyewe kila usiku kabla sijampa.

Kuna Wasifu wa Siti binti Saad, alioandika Shaaban Robert. Siti alizaliwa Fumba, Unguja, mwaka 1880, mtoto wa watumwa, na jina alilopewa ni Mtumwa. Aliuza vyungu mjini. Mwaka 1928 akavuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri za taarabu kwa Kiswahili. Hakujua kusoma, nyimbo alizihifadhi kichwani. Shaaban namheshimu sana, ila anapomsifu Siti kwa maneno yale ya fahari, natamani kujua bibi huyu angeanzia wapi kama kalamu ingekuwa mkononi mwake. Nadhani angeanzia kwenye vyungu.

Cha pili ni kumbukumbu za Salme, na huyu ndiye anayeninyima usingizi. Binti wa Seyyid Said, sultani wa Unguja, kazaliwa katika jumba la Mtoni mwaka 1844. Mabinti wa jumba lile walifundishwa kusoma Kurani, kuandika hapana. Basi akachukua mfupa wa bega la ngamia, akawa ananakili juu yake herufi za msahafu, moja moja, kwa siri, mpaka mkono ukazoea. Mwaka 1866 akatoroka Unguja, akabatizwa Aden kwa jina la Emily, akaolewa na Mjerumani, Heinrich Ruete. Mume akafa ajalini Hamburg mwaka 1870, akabaki na watoto wadogo ugenini. Kumbukumbu zake zilizotoka mwaka 1886 alianza kuziandika kwa ajili ya watoto hao, wajue mama yao katoka wapi.

Nikifika kwenye ule mfupa huwa nafunga kitabu. Bibi yetu mzaa mama anasoma Kurani vizuri mno, na mpaka leo akitakiwa sahihi anaweka dole gumba. Hakuna aliyewahi kumuuliza kama alitaka kuandika. Mimi pia sijamuuliza, na nataka kumuuliza Ijumaa nikienda.

Cha tatu ni Maisha Yangu, Shaaban akijisimulia mwenyewe. Humo mna kifo cha mkewe Amina, mna na tenzi za kuwausia wanawe. Hicho mdogo wangu akisome mwisho, akishakaa na wale wanawake wawili.