Nimelipita kanisa nikidhani ni msikiti

Jana nimevuka daraja la Si-o-se-pol hapa Isfahan, Iran, lile la matao 33. Chini hamna tone la maji, mto Zayandeh umekauka kabisa, vijana wanapigana picha mchangani. Ng'ambo ni Julfa Mpya, mtaa wa Waarmenia.

Nilikuwa natafuta kanisa la Vank, nikalipita! Kuba la matofali, umbo lilelile la misikiti ya mjini. Kuingia ndani sasa: Adamu na Hawa, malaika, moto wa jehanamu, dhahabu kila kona, na chini ukutani vigae vya maua vya Kiajemi. Nimekaa humo saa nzima, shingo inauma.

Asili ya mtaa wenyewe si tamu. Mwaka 1604 Shah Abbas, mfalme wa Uajemi, aliwang'oa watu hawa kwa nguvu kutoka Julfa ya zamani, kando ya mto Aras, akauteketeza mji wao ili adui zake Waosmani, yaani Waturuki, wasikute kitu. Wengi walifia njiani. Waliofika akawapa ardhi, ruhusa ya kusali kwa dini yao, na nafasi kubwa katika biashara ya hariri. Mwaka 1638 wakachapa Zaburi hapahapa.

Na huyu Abbas ni mjukuu wa mtoto wa Shah Ismail, yule aliyetangaza Ushia kuwa dini ya dola mwaka 1501, akiwa kijana wa miaka 14 hivi! Sijui nimuite mkarimu au mfanyabiashara tu. Mimi naona la pili.

Kesho msikiti wa Sheikh Lotfollah. Hauna hata mnara.