Presha ya macho isiyo na presha: OCT ndiyo iliyonitoa kwenye matone

Kama unatumia matone ya presha ya macho na kila ukipimwa inasoma 14, dai picha ya OCT, kipimo cha mwanga kinachoonyesha unene wa tabaka za nyuma ya jicho. Presha ya kawaida ya jicho ni 10 hadi 21. Yangu haijawahi kuvuka 15, lakini nilizungushwa na jibu lile lile: "Neva ya jicho imeanza kufa, hiyo ni glakoma, endelea na matone." Ni kweli ipo glakoma inayokuja bila presha kupanda. Ila mimi nilikuwa najigonga kwenye miimo ya milango, bega hili na lile, na Kariakoo napamia watu wa pembeni hadi natukanwa. Mtaani nako ushauri haukuisha: karoti, mlonge, na shangazi yangu mmoja akaja na asali ya kutia jichoni. Asali!

Picha ya kwanza ilitoka ovyo. Unaambiwa ukodolee kimsalaba cha kijani, macho makavu yanawaka, unapepesa. Karatasi ikaja nyekundu tupu, yaani eti tabaka limekonda kote, na daktari wa zamu akashika kalamu aongeze dawa. Mimi nilishasoma pale juu: ubora wa picha 4 kati ya 10. Nikagoma. "Dada, naomba turudie." Akashusha pumzi, akakubali. Nikaomba machozi ya bandia, tone moja kila jicho, nikapepesa harakaharaka kwanza, kisha nikakaza kidevu, nikabana pumzi. 8! Nilitoka pale kifua mbele kama niliyefaulu darasa la saba.

Safari hii nyekundu ilikaa mahali pake. Daktari bingwa, mama mmoja mtulivu, alizipanga karatasi za macho mawili: tabaka la seli za neva katikati ya retina, lile pazia la nyuma ya jicho linalopokea mwanga, limekonda upande wa pua tu, jicho la kulia na la kushoto, mpaka wake umenyooka wima. Glakoma, akasema, kwa kawaida hukata kwa mlalo, juu au chini. Tena kwenye picha ya rangi kichwa cha neva kilipauka kuliko kilivyochimbika, na glakoma kazi yake ni kuchimba.

"Baba, tatizo haliko jichoni. Liko nyuma, neva mbili zinapokutana."

Nyuzi za upande wa pua ndizo zinazopishana pale, na ndizo zinazoona pembeni. Kumbe milango!

MRI, picha ya kichwa kwa sumaku, ilinikamua laki kadhaa, bima ikachangia kidogo. Uvimbe kwenye tezi ya pituitari, chini ya ubongo jirani na neva hizo, si saratani. Damu ikaonyesha prolaktini, homoni ya tezi hiyo, iko juu mno, nikaandikiwa kabergolini, dawa ya kuishusha na kuunywesha uvimbe, vidonge mara mbili kwa wiki. Kuna wenye uvimbe wa aina nyingine ambao hupasuliwa kupitia puani. Mimi nimeponea hapo. Pembeni naona tena, si kote, maana tabaka likishakonda halijirudishi.

Picha zangu zote ziko kwenye flashi, daktari mpya nampa alinganishe. Wakikuchapia OCT nyeusi na nyeupe, irudishe papo hapo dirishani.