Kuusoma Ukimya wa Darasa la Mtandaoni

Walimu wanaofundisha kwa njia ya intaneti wana lalamiko moja linalowaunganisha: mwalimu anauliza swali, anasubiri mbele ya miraba myeusi yenye majina, na hakuna anayejibu. Wengi wetu huhitimisha haraka kwamba wanafunzi hawajali, na kutokana na hitimisho hilo huzaliwa kanuni za kulazimisha, kama vile kila kamera iwashwe, anayenyamaza ahesabiwe kuwa hayupo, na asiyeitika anapoitwa akatwe alama. Mimi ni mwalimu wa madarasa ya aina hiyo, na nasimama upande wa wale wanaoamini kwamba ukimya huo ni taarifa ambayo mwalimu anapaswa kuisoma kabla ya kuiadhibu.

Mwaka 2004, watafiti Jennifer Fredricks, Phyllis Blumenfeld na Alison Paris walichapisha mapitio ya tafiti ambayo yametuachia mgawanyo wenye manufaa makubwa: ushiriki wa mwanafunzi una upande wa kitabia, upande wa kihisia na upande wa kiakili. Kamera, hata ikiwashwa, huonyesha sehemu ndogo tu ya ule upande wa kwanza. Mwanafunzi anaweza kuitazama skrini kwa utulivu huku mawazo yake yakiwa kwingine kabisa, na mwingine, aliyezima kamera na kuketi sakafuni na daftari lake, akawa anaifuatilia hoja hatua kwa hatua.

Isitoshe, kuzima kamera mara nyingi hakuhusiani na uvivu. Frank Castelli na Mark Sarvary, katika utafiti waliouchapisha mwaka 2021 kuhusu wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, waligundua kwamba sababu iliyotajwa zaidi ni wasiwasi wa mwanafunzi kuhusu anavyoonekana; wengine hawakutaka watu wa nyumbani au mazingira yaliyo nyuma yao yaonekane, na wengine intaneti yao ilikuwa dhaifu. Mwaka huohuo, Jeremy Bailenson, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, alieleza kwa nini mikutano ya video huchosha, akataja nyuso zinazokukodolea macho kwa ukaribu usio wa kawaida, kujitazama mwenyewe muda wote kana kwamba umeketi mbele ya kioo, kufungwa mahali pamoja, na jitihada ya ziada ya kutoa na kusoma ishara za mwili. Kijana mwenye haya, anayeishi katika chumba kimoja na wadogo zake, hubeba mzigo huo wote kabla hata somo halijaanza. Kwa hiyo huwaambia wanafunzi wangu kwamba kuwasha kamera ni hiari yao, kwamba wanaweza kuificha picha yao wenyewe wasijione, na kwamba hawahitaji kunieleza sababu.

Jambo la pili ni muda. Katika mazungumzo ya ana kwa ana watu hupokezana zamu kwa haraka ya ajabu: utafiti wa lugha 10 ulioongozwa na Tanya Stivers na kuchapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba pengo la kawaida kati ya swali na jibu ni takribani sehemu mbili za kumi za sekunde. Mtandaoni sauti huchelewa njiani, watu wawili huanza kusema kwa pamoja, kila mmoja humwachia mwenzake, na baada ya aibu ya aina hiyo mara kadhaa wote huamua kunyamaza. Tena, miaka mingi kabla ya hapo, mtafiti wa elimu Mary Budd Rowe alikuwa ameonyesha kwamba walimu husubiri takriban sekunde moja tu baada ya kuuliza, na kwamba wakivumilia hadi sekunde tatu au zaidi, majibu huwa marefu, na wanafunzi wengi zaidi hujitolea kujibu. Ikiwa sekunde tatu zilihitajika katika chumba chenye kuta nne, basi mtandaoni, ambako mwanafunzi lazima pia atafute kitufe cha kufungulia maikrofoni, zinahitajika zaidi ya hizo.

Ninachokifanya ni hiki. Huliandika swali, hulisoma, kisha humwomba kila mmoja aandike jibu lake katika sehemu ya ujumbe bila kulituma. Ninapotoa ishara, wote hutuma kwa wakati mmoja. Hakuna wa kwanza wa kuchekwa wala wa mwisho wa kunakili, na mimi hupata picha ya darasa zima badala ya sauti za wale wawili watatu wasioogopa kusema. Kuhusu vikundi vidogo nitasema kwa ufupi tu: viwe vilevile kwa wiki nyingi, kwa sababu mtu hawezi kumfungulia moyo mwenzake anayemwona kwa dakika kumi na kumpoteza.

Upande wa hisia ndio unaonigusa zaidi. Darasani mwalimu humwona mwanafunzi akiingia kichwa chini. Mtandaoni dalili zinazobaki ni mabadiliko. Aliyekuwa akiwasilisha kazi jioni anaanza kuiwasilisha alfajiri, aliyeandika aya nzima anaandika neno moja, aliyewajibu wenzake anatoweka. Ninapoona hivyo, humwandikia faraghani ujumbe mfupi usiotaja kazi anayodaiwa: kwamba nimeona hajaonekana, kwamba ningependa kujua anaendeleaje, na kwamba si lazima ajibu leo. Ujumbe unaoanza na deni humfanya aliyezidiwa ajifiche zaidi, na hilo la kazi linaweza kusubiri siku mbili bila madhara kwa mtu yeyote. Hata hivyo, mwalimu si mshauri nasaha. Anapaswa kujua mapema ni nani katika taasisi yake anayeshughulikia msongo na huzuni nzito, na kamwe asiahidi kutunza siri pale mwanafunzi anapodokeza kwamba uhai wake uko hatarini.

Haya yote huchukua saa nyingi, na hapa nawageukia wanaosimamia elimu. Taasisi nyingi hudhani kwamba darasa la mtandaoni halina ukomo wa viti, hivyo huongeza majina kadiri mfumo unavyoruhusu. Mwalimu mwenye wanafunzi 30 anaweza kugundua kwamba mmoja amebadilika. Mwenye 300 hugundua pale tu matokeo ya mtihani yanapotoka. Saa za kusoma ujumbe, kuwafuatilia waliopotea na kuwaelekeza kwa mshauri zinapaswa kuandikwa katika ratiba ya kazi ya mwalimu na kulipwa kama zinavyolipwa saa za kufundisha, na idadi ya wanafunzi iwekewe kikomo kabla ya muhula kufunguliwa.