Shanga za Kiunoni: Kuhusu Makumbusho Yanayopangwa Juu ya Makaburi

Ramani ya makaburi ya Waafrika ya New York imekaa juu ya meza yetu ya chakula kwa wiki tatu sasa, na kila tukitaka kula inanibidi niikunje kwanza. Kazi yangu hapa Nairobi ni kuandika maelezo yanayobandikwa kando ya vitu katika maonyesho, na kwa muda mrefu nimefuatilia juhudi za watu wanaotaka pale New York pajengwe makumbusho makubwa ya kimataifa pamoja na kituo cha elimu, juhudi ambazo zimefikishwa hadi katika Bunge la Marekani. Nimejaribu kujiuliza, kama ningepewa mimi kuandika maelezo ya mahali kama hapo, ningeanzia wapi.

Habari yenyewe inajulikana, lakini inafaa kukumbushwa. Mwaka 1991, wafanyakazi wa serikali waliokuwa wakichimba msingi wa jengo refu la ofisi katika barabara ya Broadway, namba 290, walifikia mifupa ya binadamu chini ya mita kadhaa za kifusi. Walikuwa wamefika kwenye makaburi yaliyotumiwa na Waafrika wa mji huo, waliokuwa watumwa na waliokuwa huru, hadi mwishoni mwa karne ya 18, wakati ambapo mahali hapo palikuwa nje ya mji. Inakadiriwa kwamba walizikwa watu wapatao 15,000. Ufukuaji uliendelea hadi mwaka 1992, wakati wakazi weusi wa New York walipopaza sauti kiasi cha kuufanya usimamishwe, lakini kufikia hapo mabaki ya watu 419 yalikuwa yamekwisha kutolewa, na karibu nusu yao walikuwa watoto.

Kuna jambo moja katika historia hiyo ambalo hunikera kila nikilisoma. Sheria ya mji ya mwaka 1722 iliamuru Waafrika wazikwe mchana tu, na ile ya mwaka 1731 ikaweka kikomo cha watu 12 katika mazishi. Anayetoka katika jamii zetu, ambako msiba ni wa mtaa mzima na matanga hukesha, ataelewa mara moja uzito wa sheria kama hiyo. Mabwana waliogopa kwamba watu wakikusanyika kuzika wanaweza pia kupanga uasi. Hata hivyo maiti walizikwa kwa uangalifu, wengi wakiwa ndani ya majeneza, wamevishwa sanda zilizofungwa kwa pini, vichwa vikielekea magharibi. Watu 12 hao waliifanya kazi ya watu mia.

Kaburi lililoniweka macho ni lile lililopewa namba 340. Ndani yake alikuwa mwanamke mtu mzima, meno yake ya mbele yamechongwa, na kiunoni alikuwa na mshipi wa shanga na makombe ya kauri, zaidi ya 100 kwa jumla. Nilimsomea habari hiyo shangazi yangu, ambaye alizaliwa Kisauni na siku hizi anakaa nasi hapa Umoja, nikidhani atafurahi kusikia kwamba desturi anayoijua yeye ilivuka bahari ikafika huko. Alinyamaza, akaendelea kuchambua mchele wake kwenye ungo, kisha akaniuliza ni nani aliyeziona. Nikamjibu kwamba ni wachunguzi, na kwamba picha zake zimo vitabuni. Akasema, “Mwanangu, shanga za kiunoni ni siri ya mwenyewe. Hata aliyemwosha aliziona akanyamaza.”

Sijaweza kuyaondoa maneno hayo kichwani. Sisi tunaoandaa maonyesho tumezoea kuuliza ni kitu gani tulichonacho cha kuonyesha, na kitu kinapokuwa kizuri na adimu, tunakitafutia sanduku la kioo na taa yake. Penye makaburi, swali la kwanza lingekuwa ni kitu gani hatuna haki ya kukionyesha. Mwosha anajua mengi kuhusu maiti kuliko mtu yeyote, na heshima yake inatokana na kunyamaza kwake. Simaanishi kwamba uchunguzi ulikuwa makosa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Howard, wakiongozwa na Michael Blakey, waliisoma mifupa ile kwa unyenyekevu, na kwa sababu yao tunajua kwamba watu wale walibebeshwa mizigo hadi misuli ikachanika kwenye mfupa, na kwamba watoto walikua kwa njaa na maradhi. Ushahidi huo haungepatikana katika daftari la bwana yeyote. Lakini kujua ni jambo moja, na kuanika ni jambo jingine.

Kwa hilo New York walifanya jambo ambalo ningependa mpango wowote mpya ulichukue kama msingi wake. Mwezi Oktoba 2003 watu wote 419 walirudishwa ardhini, kila mmoja katika jeneza lake lililochongwa kwa mkono nchini Ghana, baada ya msafara uliotoka Washington na kupita katika miji kadhaa. Walirudishwa pamoja na vitu vyao, na vinavyoonekana katika kituo cha wageni, kilichofunguliwa mwaka 2010, ni nakala. Yule mwanamke analala na shanga zake. Mtu mwingine anaweza kulalamika kwamba nakala haina uzito wa kitu halisi. Mimi naona uzito uko palepale, kwa kuwa mgeni anasimama mbele ya nakala akijua kwamba kitu chenyewe kiko chini, kwa mwenyewe.

Mahali pengine mambo hayakwenda hivyo. Cape Town, mwaka 2003, ujenzi katika mtaa wa Prestwich ulifichua makaburi ya watumwa na maskini wa mji. Watu waliojiona kuwa wazao wao wakaomba wafu waachwe walipo, lakini ruhusa ya kuwafukua ikatolewa, na hatimaye mabaki ya watu zaidi ya 2,000 yakawekwa katika masanduku ndani ya jengo la kumbukumbu. Katika jengo hilohilo palifunguliwa mkahawa. Rio de Janeiro, kwa upande mwingine, mume na mke waliokuwa wakikarabati nyumba yao mwaka 1996 walikuta mifupa ya Waafrika waliokufa mara baada ya kushushwa melini, kabla hata ya kuuzwa, na wao wenyewe wakaigeuza nyumba kuwa mahali pa kumbukumbu. Tofauti ya miji hii miwili haikutokana na fedha. Kule Cape Town wenye uchungu waliulizwa wakati uamuzi ulikuwa umekwisha kupikwa.

Suala la majina ndilo gumu zaidi, na hapa nazungumza kama mkazi wa Nairobi. Kwenye bustani ya kumbukumbu ya shambulio la bomu la tarehe 7 Agosti 1998, majina ya waliokufa yameandikwa ukutani, na nimeona watu wakiligusa jina moja kwa kidole kwa muda mrefu. Si mbali na hapo, Kenyatta Avenue, zimesimama sanamu tatu za shaba za kumbukumbu ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na maandishi ya chini yake, ambayo yako kwa Kiswahili pia, yanamwahidi aliyepigania nchi yake kwamba wanawe watalikumbuka jina lake. Jina gani? Mwaka 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba angalau watu 116,000 waliokufa katika vita hivyo, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, na huenda baadhi hawakukumbukwa kabisa. Wapagazi wetu waliolibebea jeshi mizigo, ambao kikosi chao cha Carrier Corps kilituachia jina la Kariakor tunalolitaja kila siku sokoni bila kufikiri, wamo humo. Kwa hiyo ningeomba makumbusho ya makaburi yasijaze nafasi ya majina kwa mapambo. Ukuta uachwe mtupu, na mgeni aambiwe wazi kwamba majina yalikuwepo, mama zao waliwaita kwa majina hayo, na aliyewanunua hakuona haja ya kuyaandika.

Hata neno la kutumia kwenye maelezo linanisumbua. Mtumwa, kwa asili ya neno, ni mtu anayetumwa, na ukiliandika peke yake linafanya kutumwa huko kuwe ndiko utu wake wote. Nikiandika “mtu aliyetiwa utumwani,” sentensi inarefuka na ubao unajaa upesi, lakini msomaji analazimika kujiuliza ni nani aliyemtia. Ningechagua sentensi ndefu, na herufi zikiwa ndogo, basi ubao uongezwe.

Nimeyafikiria haya yote nikiwa na mahali pa karibu zaidi moyoni. Frere Town, Kisauni, ilianzishwa na wamisionari mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa kutoka kwa wafanyabiashara wa watumwa, na kengele iliyokuwa ikipigwa kuwaonya juu ya hatari ndiyo iliyowapa makondakta wa matatu wa Mombasa jina la kituo cha Kengeleni. Wazao wao wapo, wana makaburi yao, na wengi wetu hupita hapo tukielekea ufukweni bila kugeuza shingo. Shangazi ni mmoja wa wazao hao, ingawa hakuwahi kunieleza hadi jioni ile ya mchele.

Jumamosi ijayo tutapanda treni pamoja kwenda Mombasa. Ameniagiza ninunue panga la kufyekea na glavu, kwa sababu kaburi la nyanya yake halijapaliliwa tangu kabla ya korona. Nilimwuliza kama naweza kubeba daftari. Akasema nibebe, lakini nitalifungua tukishamaliza kufyeka, na nitaandika atakachoniambia yeye.